Kitovu cha Mzee wa Kanisa

Symphorien hakuuogopa mkuyu ule, na alihakikisha mtaa mzima wa Makomeno unajua hivyo. Mzee wa kanisa mwenye diploma mbili ataogopaje mti? Jumapili tatu mfululizo alisimama mbele ya waumini akauita sanamu, nao wakaitikia amina kwa nguvu, wakiwemo wale waliokuwa wameuwekea unga mweupe mizizini alfajiri ya siku hiyohiyo. Ikaamuliwa ukatwe Jumamosi, pajengwe banda la kwaya.

Mkataji alikuwa Abibu, fundi mbao ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mtu wa maneno machache. Aliweka msumeno wake wa mota chini, akauzunguka mti, kisha akawageukia watu waliojaa kutazama.

"Mbele ya kukata, kila muntu achimbe atoshe kitovu yake. Kazi yetu iko vile. Muti ikianguka na kitovu ya muntu, kizazi yake inaanguka nayo. Nani iko na yake hapa?"

Kila mtu akamtazama jirani yake. Karibu wote walizaliwa mtaani hapo, na vitovu vyao, vilipokatika, vilizikwa chini ya mkuyu huohuo, lakini nani angekiri mbele ya pasta? Pasta mwenyewe alikuwa anasoma simu iliyozimika.

Ndipo Mama Madeleine, aliyemzaa Symphorien, akapenya katikati ya watu na jembe begani.

"Mama, batu banaangalia!" Symphorien akamnong'oneza.

"Baangalie. Ya kwako iko hapa. Baba yako njo yeye aliizika."

Akaanza kuchimba. Jembe lilikuwa la mama, jasho likamtoka mwana. Miaka sita Symphorien alikuwa amengoja mtoto, miaka sita ya mifungo na maombi, na sasa Cathy, mkewe, alisimama pale na mikono yote miwili juu ya mimba ya miezi minane. Symphorien hakuuamini upuuzi huo hata kidogo. Aliogopa tu.

Mama Madeleine akanyoosha mgongo. "Mizizi imeshaimeza. Haitatoka tena."

Abibu akainama kushika kamba ya msumeno.

"Ngoja kwanza!" Symphorien akapaza sauti, akaweka tai yake sawa. "Bandugu, soyons sérieux, tusifanye muchezo! Siye tuko batu ba masomo. Na environnement? Na hewa ya batoto betu? Muti ya vile, science inakataza kuikata!"

Pasta ndiye aliyetangulia kusema amina. Amina iliyofuata, hakuna Jumapili iliyowahi kuisikia. Watu wakakumbatiana kwa furaha ya hewa safi. Abibu akafunga msumeno kwenye baiskeli, akaenda zake.

Watu walipotawanyika, Cathy akamsogelea mumewe.

"Na kitovu ya huyu mutoto, tutaizika wapi?"

Symphorien alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Ambia mama," akasema polepole, "asifukie ile shimo."