Foleni ya Wageni

Ndege ilipotua Uingereza, Coralee alimfunika mwanawe Jodie vizuri kwa shali, akamfuata shangazi yake Myrtle mpaka kwenye foleni ya wageni. Walisimama pale bila kuulizana. Watu wa kisiwa cha Mtakatifu Helena wamezoea pale, tangu sheria ilipowanyang'anya uraia wa Uingereza: kisiwa kikabaki koloni la Waingereza, wao wenyewe wakawa wageni.

Nje ya milango ya kutokea alikuwa akisubiri Elric, mume wa Coralee. Alikuja kwa kibali cha kupika hotelini, kibali kisichoruhusu mke wala mtoto. Jodie alizaliwa baada ya yeye kuondoka. Baba alikuwa hajawahi kumtia machoni. Sasa sheria mpya ilikuwa imewarudishia uraia, na pasipoti zilikuwa mkobani, lakini moyo wa Coralee haukutulia. Je, wakirudishwa?

"Wakikuuliza utakaa muda gani, sema wiki mbili," Myrtle alinong'ona.

"Shangazi! Nimekuja kuishi, nidanganye?"

"Haya, sema kweli, turudi wote kisiwani tukale keki zetu za samaki."

Coralee alicheka, akampungia mkono mama mmoja aliyemtazama, kama wanavyopungiana kwao hata barabarani. Yule mama aligeuka nyuma kutafuta nani anapungiwa.

Afisa aliyekuwa akipanga watu aliziona pasipoti zao. "Mbona mko huku? Foleni yenu ile pale."

"Ile ya Waingereza?" Coralee aliuliza.

"Kwani ninyi nani?"

"Ehe!" Myrtle alidakia. "Tumeuliza hilo miaka mingi, mwanangu."

Dirishani, binti wa uhamiaji alitazama pasipoti, akamtazama Jodie, akazirudisha. Coralee hakusogea.

"Kuna shida, dada?"

"Hujaniuliza nitakaa muda gani."

"Hilo tunawauliza wageni."

Coralee alizichukua pasipoti. "Asante," alisema, akarudia tena, na moyoni akawashukuru pia wale wa kwao waliodai haki hii miaka yote, wengine wakafa kabla ya kuiona.

Walipotoka milangoni, Elric alikuja mbio, akamchukua mtoto. Jodie aliitazama ile sura ngeni, akaangua kilio.

"Ananikataa!"

"Atakuzoea tu," Coralee alisema, akijifuta machozi. "Hatuendi popote."