Fundo la Mzee Kamba

Siku ya nne baada ya maziko, mwenye bucha alikuja kumchukua ng'ombe, na ng'ombe akashindikana kufunguliwa.

Si kwamba alikuwa mkali. Alisimama bandani nyuma ya nyumba, anacheua, anawatazama watu kama mgeni aliyecheleweshewa chai. Jina lake Shangazi. Marehemu ndiye aliyempa, kwa kuwa analalamika kutwa nzima na hakuna anayejua analalamikia nini. Shangazi mwenyewe, dada wa marehemu, alinuna aliposikia. Baadaye akaona jinsi kaka yake anavyomkatia ng'ombe majani, anavyomsugua mgongo na kumuuliza amelalaje, akasema, "Basi kuanzia leo mimi ndiye ng'ombe, na huyu awe dada yako."

Tatizo lilikuwa fundo. Asubuhi aliyoanguka, mzee alikuwa ameshamfunga Shangazi kwenye nguzo iliyo kando ya hori. Kutoka pale alipelekwa hospitali, na hakurudi kwa miguu yake. Tangu siku hiyo jirani alikuja kukamua, majani na maji yakaletwa palepale, na kamba hakuna aliyeigusa.

"Hii nayo ndiyo nini?" aliuliza kifungua mimba, mtu wa ofisini, amekunja mikono ya shati na viatu vyake vya kung'aa vimezama kwenye samadi. Alivuta ncha iliyokuwa inaning'inia. Fundo likakaza. Akavuta tena, likakaza zaidi.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, anachambua mboga. Mwanawe huyo alipomwambia, siku ya pili ya msiba, kwamba ameshaongea na mwenye bucha, alijibu, "Tutaona." Zamani watoto wake wote walijua kwamba "tutaona" ya mama ni hapana iliyovaa nguo za heshima. Siku hizi wamekuwa wakubwa, wamesahau.

"Mama, usinielewe vibaya," alikuwa amemwambia. "Wewe sasa mtu mzima. Utakata majani wewe? Utabeba ndoo?"

Hakumlaumu. Alisema kwa mapenzi. Lakini mwanamke yule aliitazama ile kamba, na alijua anachokitazama. Mumewe alikuwa amefunga vitu maisha yake yote. Hilo lilikuwa fundo lake la mwisho.

Mzee Kamba walimwita kiwandani. Alizaliwa shambani, kitinda mimba wa nyumba yenye wavulana wengi, na kabla hajajua kuandika jina lake alishajua kumfunga fahali asifunguke. Baba yao alipokufa, shamba liligawanywa mpaka kipande chake kikawa hakimtoshi hata kuku kujinyoosha. Akashuka mjini na kamba begani. Msimamizi wa kiwanda cha mbao alimuuliza anajua kazi gani. Akasema, "Kufunga." Watu wakacheka. Akafunga shehena ya magogo, na dereva aliporudi jioni alisema gogo halikuhama hata kidole njia nzima. Hakutoka tena pale mpaka nywele zikawa nyeupe. Kwa mgongo ule watoto wote walisoma. Na kila jioni, akiwa bado ananuka unga wa mbao, alichukua jembe akaenda kwenye kiploti cha nyuma, kana kwamba kiwandani alikuwa amekwenda kupumzika.

"Unalivuta kama unang'oa jino," binti yao alimwambia kaka yake. "Sogea huko." Alikuwa fundi cherehani, vidole vyake vimezoea uzi mwembamba. Akachuchumaa, akalipapasa fundo huku na huku, akavuta ncha ileile. Likakaza.

"Ee, fundi," kaka yake akasema. "Tuletee na sindano."

"Nyamaza wewe. Nani alikaa shule ya bweni na nguo moja kwa sababu ameshindwa kufungua sanduku lake?"

Kifungua mimba akacheka bila kupenda. Ni kweli. Baba alilifunga lile sanduku kwa kamba, na bweni zima likashindwa. Mwalimu alipotaka kuikata, mtoto akalia kwamba kamba ya baba haikatwi. Ikabidi baba aombe ruhusa kazini, apande gari, aje afungue. Alifungua huku amegeuza mgongo, kisha akakaa na mwanawe mpaka kengele ya chakula.

"Na godoro langu je?" binti akasema. Siku aliyoolewa, baba alilifunga godoro kwenye gari la mizigo. Ukoo mzima wa mume ulihangaika nalo, wajomba, mashemeji, mpaka baba mkwe mwenyewe akavua koti. Mwisho wakamtuma mtu. "Baba akaja, akafungua, wakamkaribisha kiti. Aliondoka giza limeingia. Mama mkwe mpaka leo anasema hajaona mzazi aliyekagua nyumba ya mwanawe kwa ujanja ule."

Sasa wote walikuwa wanacheka, na machozi yalikuwa karibu. Mwenye bucha, mtu mwema lakini mwenye haraka, alikohoa.

"Jamani, poleni sana. Ila mimi kule nimeacha wateja." Akachomoa kisu. "Kamba ni kamba. Nitawaletea nyingine mpya."

Kifungua mimba alimtazama dada yake. Dada akatazama chini. "Kata tu," akasema kifungua mimba, kwa sauti ndogo.

"Weka kisu," mama alisema.

Aliinuka kwenye kigoda, akakung'uta nguo, akaja bila haraka. Wakampisha. Alijua kwamba akilifungua, halitakuwepo lingine la mkono wa mumewe, na hilo ndilo lililomkalisha kwenye kigoda muda wote ule. Lakini kisu kingelimaliza vibaya zaidi.

Alilifahamu fundo lile tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao, kule shambani kwa baba mkwe. Ng'ombe hupenda kutafuna ncha ya kamba na kujifungua, kwa hiyo mumewe aliirudisha ncha ndani ya kitanzi. Anayeivuta kabla hajaichomoa hulikaza fundo. Ichomoe kwanza, ndipo uvute. Basi. Alimwonyesha mara moja tu, akaangalia huku na huku kama mwizi, akamwambia, "Usimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Wakijua wote, nani ataniita?"

Hakumwambia mtu. Na yeye mwenyewe, miaka yote ile, kamba ya kuanikia nguo, kifuniko cha pipa, gunia la mkaa, alisimama mlangoni akaita, "Baba watoto, njoo ufungue!" Hata walipokuwa wamegombana, kila mmoja amelala ameutazama ukuta wake, asubuhi ya pili au ya tatu mmoja wao alichoka. Akichoka yeye, aliita. Naye mzee alikuja polepole, akafungua taratibu kama mtu anayetafuta neno, na fundo likifunguka wakawa wameshapatana. Hakuwa mtu wa kusema maneno matamu. Alifunga tu, akangoja kuitwa.

Vidole vya mama vikaingia kwenye kitanzi, vikachomoa ncha, vikavuta. Kamba ikaanguka chini kama nyoka aliyelala.

Shangazi peke yake alilalamika.

"Mama," binti akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa mke wake."

"Na ulivyokuwa unamwita kila siku! Mpaka anaacha chakula mezani!"

"Alikuwa anapenda kuitwa."

Akamshika Shangazi shingoni, akamtoa bandani akampitisha mbele ya kisu cha mwenye bucha, akamtembeza mpaka bombani akamnywesha, akamrudisha. Kisha akazungusha kamba kwenye nguzo, akatengeneza kitanzi, akairudisha ncha ndani, akakaza kwa goti. Likatoka lilelile.

"Baba yenu alipokuwa akiumwa mgongo, mlidhani nani alikuwa anamkamua ng'ombe huyu?" akauliza. "Majani mtaleta ninyi, kwa zamu. Maji yapo bombani. Ng'ombe hauzwi." Akamgeukia mwenye bucha. "Lakini ukitaka, mchukue. Fungua tu."

Mwenye bucha aliliangalia fundo, akamwangalia mama, akarudisha kisu alani. "Mama, mimi nanunua nyama. Kesi sinunui."

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa bado amepiga magoti kando ya kitanda, amefika kwenye majina ya marehemu anaowaombea, aliposikia sauti ya kifungua mimba wake kutoka bandani. Zamu ilikuwa yake. Alitaka kumtoa Shangazi asafishe chini, na bila shaka alikuwa ameshavuta ile ncha.

"Mamaa! Njoo ufungue!"

Akamaliza sala yake yote bila kuruka jina. Akavaa ndala.

"Nakuja," akasema, akaenda polepole.