Sahani ya Mgeni

Mimi ni mkaidi, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimebadilika sana. Miaka thelathini na mmoja niliuza tiketi za basi kituoni Nowy Sącz, nyuma ya kioo chenye tundu, na nusu ya kazi yenyewe ilikuwa kuwaambia watu kwamba nafasi zimekwisha. Niliizoea vibaya. Ukishawaambia watu elfu kwamba hakuna nafasi, anayefuata humtazami hata usoni.

Sasa mchana wa mkesha wa Krismasi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja mkuu wa Krakow, kapu mkononi, naogopa kwenda kwa binti yangu wa kumzaa. Kapuni mlikuwa na uyoga mkavu, mkate mtamu wa mbegu za mpopi, na bahasha yenye ule mkate mweupe wa Krismasi, mwembamba kama karatasi, ambao watu huvunjiana kabla ya kula na kutakiana heri. Kinga hakujua kama nakuja. Tulikuwa hatujasemezana miaka sita.

Kosa lilikuwa langu. Leo nalisema haraka haraka, lakini kulifikia kulinichukua muda.

Kwetu mezani, jioni ya mkesha, huwekwa sahani moja zaidi ya watu waliopo. Ni ya mgeni. Yeyote atakayebisha hodi, awe mlevi, awe mwizi, anakaa na kula, wala haulizwi alikotoka. Marehemu mama yangu aliwahi kumkalisha mtu aliyetuibia kuku. Tulimjua, naye alijua kwamba tunamjua, na akaongezwa samaki.

Basi miaka sita nyuma Kinga alikuja nyumbani na mwanaume. Leszek, fundi umeme wa tramu, kamzidi miaka kumi na miwili, tena alishaoa akaachana na mkewe. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kooni. Nilimwacha aingie, nikamwacha avue koti, hata mkono nilimpa. Lakini alipovuta kiti cha ile sahani ya ziada nikamwambia, "Hapo sipo pako. Hiyo sahani ni ya mgeni. Wewe si mgeni, wewe ni mtu aliyemkimbia mkewe." Nilisema kwa sauti ileile ya dirisha la tiketi. Leszek alikirudisha kiti polepole, akachukua koti lake. Kinga akanitazama, akaniuliza, "Mama, umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Wakaondoka na basi la mwisho, samaki akabaki kwenye kikaango.

Hakupiga simu. Na mimi sikupiga. Ningepigaje, mimi ndiye mama! Habari kwamba nina mjukuu niliipata kwa jirani yangu Otylia, aliyenionyesha picha kwenye simu yake huku akijifanya ananihurumia. Mwaka uliotangulia nilikula mkesha peke yangu, mwanamke mmoja na sahani mbili, naitazama ile ya mgeni mpaka supu ikapoa. Hakuja hata mlevi. Nililia, nisiwafiche. Na katika kulia huko ndipo wazo likanijia: kumbe mgeni naweza kuwa mimi! Hakuna nyumba inayomfukuza mgeni siku ile. Ningeingia kwa Kinga, ningeketi, ningevunja naye mkate, na nisimwombe mtu msamaha. Mwaka mzima nilijiona nimewazidi wote akili.

Lakini akili ya Nowy Sącz ilipofika Krakow, miguu ikagoma. Basi la kurudi liliondoka saa nane. Nililiacha makusudi nisipate pa kukimbilia. Saa tisa tarumbeta linalopigwa kila saa kwenye mnara wa kanisa likalia na kukatika katikati kama kawaida yake, na mimi bado nazunguka uwanjani. Theluji hapakuwa, mvua nyembamba tu na harufu ya makaa. Vibanda vya soko la Krismasi vilikuwa vinafungwa, watalii wa mwisho wanapigana picha na farasi waliolowa.

"Bibi, hii ni mara ya nne unanipita," aliniita mama mmoja wa mikate ya duara, aliyekuwa akifunga kigari chake. "Umepotea au unanikagua?"

"Nakukagua. Mikate yako migumu."

"Ni ya asubuhi hiyo. Ungekuja asubuhi." Akacheka. "Una pa kwenda leo?"

"Kwa binti yangu."

"Sasa si uende! Giza linaingia, nyota ya kwanza itatoka watu wakae mezani, wewe bado unanihesabia mikate."

"Hajui kama nakuja."

"Kwani hana sahani ya mgeni?"

"Atakuwa nayo."

"Basi tatizo liko wapi? Nani amfukuze mtu leo? Huyo atakuwa hana roho kabisa, bibi yangu."

Nikasema ndiyo, atakuwa hana roho. Uso ulinichoma hadi masikioni. Yule mama akanitumbukizia mkate mmoja kapuni, akasema wa wajukuu, akakataa malipo, akasukuma kigari chake kwenda zake. Nikaona aibu kuendelea kusimama pale na mkate wa watu.

Njia nzima hadi Kazimierz, mtaa anaokaa Kinga, nilikuwa nasema peke yangu. Wazee wetu walituambia jioni ya mkesha hata ng'ombe huongea kama watu. Nikajipa moyo: ikiwa ng'ombe ataongea, mwanangu atanyamaza? Halafu nikakumbuka huyo mwana kamzaa nani, moyo ukaniporomoka tena.

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Otylia ndiye aliyenipa namba. Niligonga. Akafungua Leszek, kajifunga aproni, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Alinitambua palepale. Nilingoja anifungie mlango usoni, na haki angekuwa nayo.

"Mvua imekupata, mama," akasema. "Ingia, utashikwa na kifua."

"Leszek, nani?" Sauti ya Kinga ilitoka jikoni.

Leszek alinitazama kidogo. "Mgeni," akajibu.

Kinga akatokeza, mikono imejaa unga. Kakonda. Pembeni mwa mdomo kaota mikunjo miwili, ileile yangu. Alisimama, na sufuria lilikuwa linachemka nyuma yake, wala hakugeuka kulitazama.

"Karibu, bibi," akasema. "Sahani ya mgeni ile pale, pembeni karibu na mlango. Koti tundika hapo."

Bibi! Mimi, mama yake! Kama anampisha mtu kiti kwenye tramu. Nilikuwa nimepata nilichokifuata, neno kwa neno, na nilitamani ardhi ipasuke. Nikamkabidhi kapu. Akalipokea, akasema asante kwa upole ule unaowapa watu wa mitaani, akarudi jikoni.

Dirishani palikuwa na mtoto wa kike, pua kaibandika kwenye kioo, analinda nyota. Karibu naye kulikuwa na lile zizi la Yesu wanalolitengeneza watu wa Krakow, lenye minara mirefu kama ya makanisa yao, linameta karatasi za rangi tupu.

"Baba kalitengeneza," akaniambia bila kugeuka. "Ila dhahabu ni mimi. Chokoleti zote nilikula mimi, ili karatasi zipatikane."

"Kazi ngumu hiyo," nikasema.

"Sana," akasema. Halafu akapiga kelele, "Nyota! Nyota imetoka!" Ilikuwa taa ya mnara wa simu, lakini nani ambishie.

Tukasimama kuizunguka meza. Kinga akavunja mkate mweupe na mumewe, wakanong'onezana, akamfuta chembe ndevuni. Akavunja na mtoto, akambusu. Halafu akanijia mimi. Ningemshika mkono wakati ule. Nilikuwa na maneno, naapa; nilikuwa nayo tangu basini.

"Heri ya sikukuu, bibi," akasema, akamega kipande kidogo kama ukucha. "Afya njema kwako na kwa wote wa nyumbani kwako."

Wote wa nyumbani kwangu ni mimi na jiko. Nikasema amina. Leszek naye akaja na mkate wake, akaniangalia machoni, akangoja. Mtu yule alinipa nafasi, alinipa nafasi ya kutosha kabisa, na mimi nikamwambia, "Afya njema," nikageuza uso. Ukaidi una nguvu jamani. Unakushika hata pale unapoutaka ukuachie.

Tukaketi. Supu ya bitiruti ilikuwa nzuri, imeiva kama yangu, kwa maana ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mtoto, Jagna jina lake, alikuwa ananichunguza.

"Bibi, wewe huna nyumba?"

"Jagna," Kinga akamkanya.

"Si umesema sahani ile ni ya mtu asiye na pa kwenda?"

"Nina nyumba," nikamjibu. "Ila haina watu."

"Wamekwenda wapi?"

"Kula supu yako," baba yake akamwambia.

"Nakula. Mimi nina miaka mitano na nusu," akanijulisha, "nimezaliwa Julai, kwa hiyo keki yangu huwa na matunda mekundu ya msimu. Wewe umezaliwa lini?"

Nilikuwa nahesabu. Julai, Juni, Mei. Nilirudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka nikafika Desemba ile, jikoni kwangu, samaki kwenye kikaango na Leszek kashika kiti. Nikamtazama Kinga. Alikuwa ananitazama tayari, kijiko mkononi.

"Wiki nane tumboni," akasema. "Nilikuja kukuambia mezani. Nilitaka tumalize kwanza kuvunja mkate, ndipo nikuambie."

Watatu. Nilifukuza watatu.

Nikasimama. Kwetu hakuna anayenyanyuka mezani mkesha kabla wote hawajamaliza, isipokuwa mama mwenye nyumba anayepakua. Anayenyanyuka, husemwa, Krismasi ijayo haioni. Nalijua hilo tangu sijaota meno. Nikasukuma kiti nyuma.

"Mama, kaa!" Kinga akapiga kelele. "Mama, una wazimu? Usinyanyuke!"

Aliita mama. Alikuwa kauma mdomo palepale, lakini limeshatoka, na nililisikia. Sikukaa. Nilichukua kile kipande kama ukucha nilichokuwa nimekiacha kando ya sahani, nikaizunguka meza nikishikilia migongo ya viti, mpaka nikafika kwa Leszek.

"Leszek," nikamwita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina lake. "Ulivuta kiti kwangu nikakunyima. Mgeni ulikuwa wewe. Mwizi wa kuku alikula kwetu, wewe nikakunyima. Nisamehe. Kama huwezi, sema tu, nitamaliza supu niende."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Taya lilikuwa linamcheza, na nadhani alikuwa anaisikia ile sauti yangu ya dirishani upya. Mwisho akakivunja kile kipande, ingawa hakikuwa na cha kuvunjika, akala nusu yake.

"Kaa chini, mama," akasema kwa sauti nzito. "Utakufa bure kwa ajili ya supu."

Jagna akacheka. Mimi nikageuka kurudi pembeni kwangu, machozi yananichuruzika hadi kidevuni, sioni vizuri. Nilikuwa nimeshashika kiti niliposikia nyuma yangu:

"Hapo sipo pako."

Ilikuwa sauti ya Kinga. Nikaganda.

"Hiyo sahani ni ya mgeni," akasema.

Maneno yangu yaleyale. Nikasema moyoni, haki yako, mwanangu, nimeyapanda mwenyewe. Nikanyoosha mkono kulitafuta koti langu pale ukutani. Ndipo nikasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Kinga alikuwa ametoka jikoni na kigoda, kile cha kupandia kabatini, kina madoa ya rangi. Akakibana kati yake na Jagna, pasipo na nafasi, mpaka Leszek ikabidi asogee hadi ukutani. Akaichukua supu yangu niliyoianza, akaiweka mbele ya kigoda. Halafu akafungua kabati, akatoa sahani safi, akaenda kuiweka pembeni karibu na mlango, mahali nilipokuwa.

"Mgeni akija atakaa wapi, na wewe umejaa pale?" akaniuliza. Hakuwa amenisamehe yote, nililiona hilo, na hajanisamehe yote hadi leo. "Njoo ukae, mama. Unachelewesha samaki."

Nikakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, meza ilinifika kifuani kama mtoto, na Jagna akaniegemea bila kuomba ruhusa. Supu ilikuwa imepoa. Niliinywa yote, huku naitazama ile sahani tupu pale mlangoni.