Beseni Lililoonwa na Kamera

Fundi alikuwa anashona, lakini siku hiyo cherehani ndiyo iliyokiona cha moto. Alikanyaga pedali kama anamkanyaga mtu, na mtu wa kukanyagwa alikuwepo, ila hakuwa chumbani.

Wiki nzima jina la Fundi lilikuwa jalalani. Mama mkwe wake alianguka kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akavunjika nyonga. Fundi alikuwa kwenye kamba anaanua mashuka, amegeuza mgongo. Akasikia kishindo, akakimbia, akamkuta yuko chini, akamwinua kichwa na kukilaza mapajani. Hapo ndipo wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alipopiga ukelele: "Jamani, amemsukuma mama!" Majirani walipoingia wakamkuta Fundi ndiye aliyemshika mgonjwa. Basi, kesi ikaisha kabla haijaanza. Mama mwenyewe hakumbuki kitu. Ukimuuliza, anasema alikuwa anatafuta miwani. Na tangu siku hiyo Fundi amekatazwa asikanyage wodini, yeye aliyemwogesha yule mama na kumkata kucha miaka yote!

Lakini kamera si ipo? Ipo, juu ya mlango wa nyuma. Mume aliinunua mwenyewe, akaisifia kwa ukoo mzima: haitumi picha kokote, kila kitu kinabaki kwenye kadi ndogo iliyo ndani yake, na neno la siri la kuifungulia kwenye simu analo yeye peke yake. Fundi akamwomba aifungue watazame. Leo amechoka. Kesho simu haina chaji. Kesho kutwa akasema kadi imeharibika, haina picha hata moja. Fundi akaamini. Si mumewe? Ataanzia wapi kutomwamini?

Jumapili mchana ukoo ukaja kumhukumu. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye mkeka. Mume akamfuata Fundi chumbani kwenye cherehani, akafunga mlango, sauti imelainika kama ya mtu anayetaka kukopa.

"Mke wangu, ukiulizwa omba radhi tu, yaishe. Dada naye hakukusudia. Alitaka kumpokea beseni la nguo, mama akang'ang'ania, dada akalivuta, mama akaanguka."

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya pedali. "Beseni gani?"

Mume akashika kitasa cha mlango.

"Nakuuliza, beseni gani! Mimi mwenyewe sikuona beseni. Nilipofika pale halikuwepo. Wewe ulikuwa kazini, umeliona wapi?"

Mume akaangalia vidole vyake vya miguu kama mtoto aliyekojoa kitandani. Hatimaye akakiri: aliitazama ile video siku ileile, akaifuta. "Nielewe, tafadhali. Dada hana mume, hana mtoto, mama ndiye kila kitu kwake. Wakijua watamtenga. Wewe ni mke wa nyumba hii, wewe watakusamehe."

"Watanisamehe nini?"

 

 Wiki nzima mwanamume huyu alimkuta Fundi analia jikoni, akamwambia pole. Pole! Na ukweli anao kifuani, ameukalia! Pasi ya chuma ilikuwa karibu na mkono wake. Akaiacha, akafungua mlango.

Sebuleni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, alikuwa ameshaanza kikao. "Na ile kamera, mwanangu, ilionyesha nini?"

"Iliharibika, baba," mume akajibu nyuma ya mkewe, mkavu, bila hata kukohoa.

Fundi hakumgeukia. Alimkazia macho wifi yake, aliyekaa katikati ya mashangazi akijifuta macho kwa leso.

"Wifi, mama alipong'ang'ania beseni, kwa nini hukuliachia?"

 Wifi akamgeukia ndugu yake. "Umewaonyesha? Si uliniambia umeifuta!"

Jamani!  Shangazi mmoja akasogeza kiti chake pembeni taratibu, kana kwamba wifi ana upele. Ndipo naye akabubujika: aliona mama hajitikisi, akaogopa, akaficha beseni, mdomo ukasema kabla ya akili.

Baba mkubwa akasafisha koo. "Basi, ukweli umejulikana. Mwanangu, tunakuomba radhi. Msamehe wifi yako, tule, watu warudi makwao."

"Wifi nitamsamehe," Fundi akasema. "Si leo, lakini nitamsamehe. Aliogopa, akaropoka. Huyu je?" Akamnyooshea kidole mumewe. "Huyu hakuropoka. Huyu alikaa chini, akatazama, akajua. Halafu kila jioni akaja mezani, akaniambia nimpakulie."

 Fundi akavaa viatu, akatoka kwenda wodini kumwona mama mkwe wake.