Mlango wa Mbele

Sikuona kwamba baba aliing'oa milango pamoja na bawaba zake na miimo yake. Zaha, ule uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka uliotapikwa na mlima, ilikwisha kufika kwenye mizabibu ya jirani, ikisogea polepole kiasi cha mtu kunywa kahawa akiitazama, na watu wote wa kijiji cha Portela walikuwa wakibomoa nyumba zao wenyewe: madirisha, vigae, hata sinki za jikoni. Mimi niliona mbao tu, mbao za kuokoa.

"Nhô Laurindo," jirani yetu Nha Zulmira, yaani Bi Zulmira kwa lugha yetu, alimwita baba kutoka juu ya lori, "mlango huo ulivyoukumbatia, utauoa?"

"Angalau huu haugombi. Mpishe bibi harusi apite."

Kesho yake nyumba ilimezwa. Nilimchukua baba kwangu, mjini São Filipe, milango tukaiegemeza ukutani uani. Kila asubuhi aliipangusa, akazipaka bawaba mafuta.

"Jiwe likipoa nitapanda kujenga," alikuwa akisema. Nami nilimwitikia kama mtu amwitikiavyo mgonjwa.

Mwezi wa Aprili alikwenda kumtazama dada yake. Jiko langu halikuwa na mlango, nikaona nimfurahishe. Nelito, seremala, akaupima ule mkubwa wa mbele.

"Umezidi shubiri, dada. Nikate?"

"Kata."

Baba aliporudi aliuendea mlango wa jiko. Akapitisha kidole penye ukingo mpya, mweupe, msumeno ulipopita.

"Umepunguzwa."

"Ulikuwa mrefu, baba. Haujapendeza?"

"Umekaa vizuri, mwanangu." Kisha akauliza kama kuna kahawa.

Tangu siku ile hakuzipaka bawaba mafuta, wala hakutaja tena jiwe kupoa. Nikadhani ameuzoea mji. Alifariki kabla ya mavuno ya zabibu. Matangani, Nha Zulmira aliniambia kwamba baba aliwahi kupanda naye, akamwonyesha mahali, juu hasa ya nyumba iliyofukiwa, ambapo angeusimamisha mlango wa mbele kwanza, kisha kuta ziufuate.

Mwaka uliofuata nilijenga chumba kimoja pale, juu ya jiwe jeusi lililokuwa bado na joto chini yake. Fundi aliuliza kimo cha mlango. Nikampa ule uliokatwa. Nelito alijitolea kuunga kipande, bure. Nilikataa.

Siku hizi kila anayeingia nyumbani kwa Laurindo huinama.