Mwamba Ulio Nyuma ya Choo

Kolwezi imetoa watu wa kila aina: maaskari, mapadri wawili watatu waliovua kanzu, madereva wa malori wasioogopa Mungu wala kona, na wachimbaji wengi kuliko panya. Lakini msomi wa miamba ya matumbawe imemtoa mmoja tu, Chancelle Mushiya, na mpaka leo haijulikani kosa lilikuwa la nani. Ukitoka Kolwezi kwenda baharini, chagua upande wowote unaotaka, utachoka wewe, gari litakufa, na bado hujafika. Yeye alikwenda hivyo hivyo. Alipata msaada wa masomo, akatua Madagaska, akakaa huko miaka akizamia na kuwachungulia samaki majumbani mwao. Mradi wa utafiti aliokuwa akiufanyia kazi ulipokwisha akarudi nyumbani na shahada, mabega yaliyobabuka kwa chumvi, na begi la mawe ambalo mdogo wake Guelord alilipekua usiku uleule, akaliacha kwa dharau.

Mama yake, Mama Mbombo, mjane wa Kikasai mwenye sauti ya kuongoza kwaya nzima bila kipaza sauti, alishindwa kabisa kueleza kanisani kazi ya binti yake. "Eko natumika mu mayi," alijibu siku moja ili yaishe, yaani anafanya kazi majini. Jumapili iliyofuata wanawake wenzake wakamletea malalamiko ya mabomba yaliyokauka.

Waliishi watatu katika nyumba ambayo marehemu baba, René, aliijenga tofali kwa tofali kwa miaka yote aliyofanya kazi mgodini. Mama Mbombo hakuwa na shamba, hakuwa na pensheni ya maana, hakuwa na kitu kingine duniani ila nyumba hiyo na watoto wawili: mmoja anayechimba ardhi, na mwingine aliyesomea bahari. Alipowaombea, aliombea nyumba kwanza.

Basi asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, Chancelle alikuwa anakwenda chooni. Nyuma ya choo kulikuwa na mwamba mkubwa wa kijivu ambao familia iliuanikia nguo tangu enzi na enzi. Siku hiyo mvua ilikuwa imeuosha ukang'aa, na Chancelle, ambaye alishapita hapo mara elfu akiwa na haraka zake, akauona kwa mara ya kwanza. Ndani ya jiwe kulikuwa na mistari myembamba iliyopanda juu ya mistari, ikivimba kama kitunguu kilichokatwa katikati. Akasahau kilichomleta. Akapiga ukelele.

Mama Mbombo akatoka jikoni mbio. "Nyoka? Eko wapi? Mi niko na mwiko!"

"Haina nyoka, mama! Ni récif! Ni mwamba ya bahari!"

"Bahari gani huku?"

"Ya zamani sana. Huku kote kulikuwa mayi."

"Na nani alijenga ile mwamba?"

Hapo Chancelle alisita, maana ukweli wenyewe hauna heshima. Mwamba ule haukujengwa na matumbawe. Ulipojengwa, karibu miaka milioni mia nane iliyopita, matumbawe hayakuwepo, samaki hawakuwepo, hata konokono hakuwepo. "Ute, mama," akasema. "Kama ile ya kijani inabakiaka mu bidon ya mayi. Inashika mchanga, inakufa, ingine inamea juu yake. Polepole, mpaka inakuwa mwamba."

Mama Mbombo aliutazama mwamba, akamtazama binti yake, akautazama mwiko. "Kwa hiyo miaka yote ile ya masomo ni juu ya ute. Toka pale, batu banataka kuingia choo."

Wajiolojia walishaiandika miamba ya namna hiyo zamani. Chancelle hakuwa amegundua Amerika. Lakini mwamba uliohifadhika vizuri hivyo, mistari yake yote ikisomeka, haukuwa wa kawaida. Akapiga picha, akaandikia maprofesa wa Lubumbashi, nao wakajibu kwa msisimko: wangekuja mvua zikiisha, na wakiukuta mzima wangeomba utangazwe kuwa mahali pa kulindwa, na yeye awe mlinzi na mtafiti wake. Kwa Chancelle hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Alikuwa amechoka kuulizwa mtaani lini ataanza kazi. Alitaka mwamba ufike mwisho wa mvua bila hata kovu, ili mama yake siku moja asimame kanisani na kusema binti yangu anafanya kazi fulani, na kazi hiyo iko hapa, nyuma ya choo changu.

Ila kulinda jiwe Kolwezi ni sawa na kulinda nyama mbele ya mbwa. Wapo wanaovunja mawe kwa ajili ya misingi ya nyumba, wapo wanaoyavunja ili kuona ndani, na wapo wanaoyavunja kwa sababu nyundo iko mkononi. Chancelle akanunua turubai la buluu, akaufunika mwamba wote, akafunga kamba pande nne, akaenda kulala kwa amani.

Msomi mzima, mzaliwa wa hapa hapa! Mtoto wa chekechea wa Kolwezi anajua maana ya turubai uani. Mtu akipata madini kwenye kiwanja chake, kitu cha kwanza kufanya ni kufunga turubai ili majirani wasione shimo. Hakuna anayefunika kuni kwa turubai, hakuna anayefunika kuku. Kule Madagaska alikosahau mengi, Chancelle alisahau na hilo.

Kabla chai haijapoa, Tata Ntambwe, mstaafu waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alishafika kusalimia. Alivaa koti.

"Mama Docteur, ile bâche iko nafunika nini?"

"Jiwe, tata."

"Jiwe ya namna gani?"

"Jiwe ya bule, tata. Haina kitu."

Tata Ntambwe akatabasamu polepole. Ukimuuliza mtu wa Kolwezi mwenye shimo tupu, atakuapia kwa kaburi la bibi yake kwamba limejaa. Anayesema halina kitu ndiye wa kuogopwa. Kufikia mchana watu walikuwa wanapita mbele ya nyumba kwa zamu, wakijifanya wamepotea njia. Jioni Guelord alirudi na rafiki yake wa shimoni, Dady, wote wawili wameumia moyo.

"Yaya," Guelord alimwita dada yake, "kama kuko kitu, si mi ni ndugu yako? Juu ya nini unanificha?"

Chancelle akaona hatari. Akakumbuka alivyofanya Madagaska. Huko wavuvi walikuwa wanauponda mwamba wao kwa vyuma wakitafuta pweza, mpaka wao wenyewe walipokaa chini, wakaelezwa pweza anazaaje, wakaamua kufunga sehemu kwa miezi kadhaa. Pweza walirudi wakubwa, na tangu hapo aliyeingia kabla ya wakati alikiona cha moto kutoka kwa mama mkwe wake. Somo lilikuwa wazi: watu hulinda wanachokielewa. Usiwafiche, waeleweshe.

Akaitisha mkutano uani. Akakodi viti vya plastiki, mama yake akakaanga beignets, maandazi ya huko, huku akinung'unika, na mtaa mzima ukaja, hata wale ambao hawajahudhuria kitu bila kulipwa tangu wabatizwe. Chancelle akatoa turubai, akachukua chaki, akachora kwenye mlango wa choo.

Hapo, ndugu zangu, alifundisha. Alichora mwamba katikati. Chini yake akachora tope la bahari ya kina kifupi, juu yake tope jingine. Akaeleza kwamba tope hilo ndilo lililokuja kunasa shaba na kobalti, na kwamba baadaye nguvu za ardhi ziliyainua matabaka yote yakasimama wima. Kwa hiyo mwamba sasa umekaa kama avokado ndani ya mkate: wenyewe mgumu, hauna kitu, madini yako kwenye mkate, huku na huku.

"Njo vile nawaomba," alimaliza. "Mwamba hii haina faida kwa mutu wa madini. Muiache."

Hakuna mtu aliyekohoa. Katika mikutano yote ya kisayansi aliyowahi kuhudhuria, yenye hoteli na vitambulisho vya shingoni, hakuwahi kusikilizwa hivyo. Kisha Guelord, mdogo wake aliyefukuzwa shule tatu, akanyoosha kidole.

"Yaya, ile tope ya kwanza inaanziaka mbali na mwamba, ao inaukamata kabisa?"

Chancelle nusura alie. "Inaukamata kabisa," alijibu, na akaongeza mstari kwenye mchoro.

"Na ile ya pili?" aliuliza Tata Ntambwe, akiegemea mbele. "Iko nakwenda upande wa kwangu?"

"Kabisa, tata! Inapita chini ya nyumba yenu!"

Wakapiga makofi. Mama Mbombo akasimama, akawaapisha wote kwa jina la Yesu kwamba hakuna atakayeugusa mwamba wa binti yake, wakaitika amina kwa nguvu iliyowashtua kuku. Kuna viapo vinavyoliwa kabla mate hayajakauka. Hiki hakikuliwa.

Wiki hiyo hiyo Guelord alimwomba mama ruhusa ya kuhamia chumba cha nyuma kilichopakana na choo, apate kutengeneza sakafu. Mama alifurahi, mtoto hajawahi kutengeneza kitu tangu azaliwe. Dady alikuja kila siku kumsaidia, wakafungulia muziki juu kabisa, mlango wakaufunga, eti saruji haipendi upepo. Upande wa pili wa ukuta Tata Ntambwe naye alipatwa na mapenzi ya muziki, ingawa ni mtu wa nyimbo za ibada, akaanza kukaribisha wapwa wenye mabega mapana. Mifuko iliingia myepesi, ikatoka mizito. Chancelle alikuwa anaandika ripoti ya kurasa nyingi kuhusu ushirikishaji wa jamii. Kila asubuhi aliinua turubai, akaukagua mwamba, akaukuta haujachubuka, akamshukuru Mungu na sayansi, kwa mpangilio huo.

Mvua za mwisho zilikuwa kali. Jumapili moja, Mama Mbombo akiwa anaongoza wimbo wa sadaka, kishindo kilisikika kutoka mtaani, kizito, cha kutoka chini. Wengi walidhani ni radi. Guelord, aliyekaa benchi la nyuma na shati lake safi, alisimama kabla ya wote, na uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Chancelle alimtazama, na hapo hapo akaelewa muziki, mifuko na sakafu, vyote kwa pamoja, kama mtu anayemwagiwa ndoo ya maji.

Walikimbia wakiwa na mavazi ya kanisani. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama, na mlango wake, na pazia lake. Nyuma ya pazia hapakuwa na nyumba. Mabati, kitanda, kabati la vyombo na mlango wa choo wenye mchoro, vyote vilikuwa vimekaa chini ya shimo ndani ya matope mekundu. Upande wa pili chumba cha Tata Ntambwe nacho kilikuwa kimeshuka, na mwenyewe amesimama ukingoni na suti yake, Biblia mkononi. Hakuna aliyekufa. Ingekuwa siku nyingine yoyote ya juma, wangezikwa wapwa, na Dady, na Guelord mwenyewe.

Na katikati ya mashimo mawili, mwamba. Turubai lilikuwa limepeperuka. Ardhi iliyouzunguka ilikuwa imechukuliwa yote, kwa hiyo sasa ulisimama wazi kuanzia kisogo mpaka kisigino, mrefu kuliko nyumba iliyokuwa pale.

"Yaya," Guelord alisema, machozi yakimtiririka, "hatukuugusa. Hata kidogo. Dady alitaka kupasua kipande, mi nilimukatalia. Tuliapa mbele ya mama."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamechimba ubavuni mwake kwa uangalifu ambao hawakuwa nao kwa nguzo za nyumba, na mvua ikamalizia kuuosha. Chancelle akaona matabaka yote, mstari juu ya mstari, tangu ute wa kwanza ulipojishika kwenye mchanga. Akaona mahali dhoruba ilipovunja kuba moja, na juu ya vipande ute ukamea upya, ukaendelea kujenga. Ndivyo matumbawe ya Madagaska yalivyofanya baada ya kimbunga. Aliyaona kwa macho yake. Hapa palikuwa pamefanyika jambo lile lile kabla dunia haijawa na jicho hata moja la kuliona. Furaha haigongi mlango. Ilimpanda ikamfika usoni kabla hajakumbuka amesimama wapi.

Alipogeuka, Mama Mbombo hakuwa anatazama shimo. Alikuwa anamtazama yeye.

"Weye uko nacheka," mama alisema.

"Mama, hapana, haina vile..."

"Nimekuona, Chancelle."

Yeye aliyeweza kumweleza mtu yeyote kitu chochote kwa chaki na mlango, aliziba mdomo kwa kiganja, amechelewa. Mama Mbombo alifungua kitambaa chake cha kichwa, akajifunga nacho kiunoni, akamshika Guelord mkono kama alivyomshika alipokuwa mdogo, wakaondoka kwenda kuomba mahali pa kulala kwa watu wa kanisa. Chancelle alingoja aitwe. Mama yake alikata kona bila kugeuka.