Kuomba kwa Sauti

Ting. Ting. Ting. Kijiko kwenye kikombe cha bati, gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajakohoa. Ndivyo Chelangat alivyoniamsha mwaka ule. Alikuwa na miaka miwili na nusu na hajawahi kuniita mama. Akitaka uji aligonga kikombe. Akitaka kubebwa alinivuta leso. Niliamka, nikawasha moto, tukanywa uji sote wawili bila neno, kama watu waliokutana kwenye foleni.

Miaka minne imepita tangu mwaka huo. Kipruto, baba yake, alikuwa Qatar akilinda ghala. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, kisha kila Jumapili, kisha ikawa ni mimi ninayepiga, na yule dada wa "mteja hapatikani" ndiye anayejibu. Mimi ni mtu wa Londiani. Hapa Roret nililetwa na ndoa, na ndoa yenyewe ilikuwa imebaki kwenye simu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, naweza kuandika barua hata chifu aisome mara mbili, lakini siku nzima ingepita sijatamka maneno kumi. Maneno nilikuwa nayo. Wa kumpa ndiye niliyemkosa.

Kliniki, nesi alipiga makofi nyuma ya Chelangat. Mtoto akageuka.

"Masikio ni mazima," nesi akasema. "Kwenu nani anamwongelesha?"

Nikamfunga Chelangat mgongoni, nikatoka.

Shamba letu la chai lilipakana na la Rodah, mjane ambaye sote tulimwita Mama Kiptum. Mama huyo alikuwa na mgongo ulionyooka kama nguzo ya stima, na vidole vyake vilichuma majani mawili na kichipukizi upesi kuliko vya wasichana. Na aliongea! Aliongea na Mungu mstari mzima, kikapu mgongoni, aproni ya nailoni ikitiririka umande, macho wazi.

"Baba, goti la kushoto limeanza tena. La kulia, kongoi." Asante hiyo ya Kikipsigis ilimtoka kama pumzi.

Pale kituo cha chai, Kipkoech, karani wa mizani, alimchokoza kila siku.

"Mama Kiptum, leo Mungu amepokea, ama yuko mteja?"

"Amepokea. Ameuliza mbona hujaoa."

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimtazama vile mtu mwenye baridi anavyoutazama moto wa jirani. Alikuwa amezika mume, watoto wake walikuwa wametawanyika, nyumba yake ilikuwa tupu kuliko yangu, na bado sikuwahi kumwona akiwa peke yake.

Siku moja, tukichuma bega kwa bega, nilimweleza aliyoniuliza nesi.

"Lakini mimi huomba, mama," nikajitetea. "Kila usiku. Moyoni."

Hakuacha kuchuma. "Moyoni ni pazuri, mwanangu. Lakini huyu mtoto ataingilia wapi?"

Kesho yake alfajiri nilipuliza moto, nikafungua mdomo. Sauti ilitoka na kutu. "Mungu, ni mimi Nelvine, wa ile nyumba ya mabati juu ya mto..." Nilianza kama barua, na haya zikanishika hata nikatazama mlango. Kisha yakamwagika yote: kwamba nimemkasirikia Kipruto, kwamba naogopa jioni, kwamba kuna siku nawaonea ng'ombe wivu kwa sababu wana wenzao. Radi haikupiga. Ugali haukujipika. Lakini nilipomaliza nilihisi vile unavyohisi mvua ya mawe ikianguka nawe tayari uko chini ya paa: kelele yote iko nje, wewe uko ndani. Chelangat alikuwa ameketi kitandani, macho yameganda kwenye mdomo wangu.

Tangu siku hiyo niliomba kwa sauti: nikikamua, nikifua, nikisafisha kibuyu cha maziwa. Na maneno yakaanza kumdondoka mtoto, moja leo, moja wiki ijayo. Maji. Ng'ombe. Kongoi. Hilo la tatu lilimfanya Mama Kiptum aketi matopeni na aproni yake, akacheka mpaka akalia.

Agosti, Kipruto akaandika kwenye simu. Mistari miwili tu: ameanza maisha mengine huko, nisimngoje.

Niliisoma katikati ya shamba la chai. Nilitaka kuomba, mdomo ukakataa. Nikaanguka magotini kati ya mistari ya michai, kikapu bado mgongoni. Mama Kiptum, hatua tatu kutoka kwangu, alinitazama usoni na kujua. Akavua kofia. Mwanamke aliyeongea na Mungu hata akifunga viatu, siku hiyo alinyamaza. Baadaye aliniambia alikuwa akinitafutia maneno, na hakuyapata.

Chelangat alipenya kwenye vichaka vya chai, amelowa mpaka kiunoni. Alisimama kando yangu, akaweka mkono kwenye bega langu kama mtu mzima, akatazama juu.

"Mungu, njoo ukae na mama."